Sauti Niliyoimeza

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimenguruma kwenye simu mpaka mate yakarukia kompyuta. Ee Mungu, kazi nyingine hizi!

Daktari wa meno alipiga kabla hata sijavua koti. Yule mwenye gari la kijani, refu, viti vya ngozi, lenye umri wa kunizaa. Mpole sana yule mzee. Wengine wakipiga hapa huanza na maneno makali. Gari la kifahari likizimika mbele za watu, mwenyewe hukasirika kana kwamba mimi ndiye niliyeliunda. Yeye hapana. Aliniuliza kwanza nimeamkaje, na binti yangu hajambo? Ndipo akasema linasaga.

Linasagaje, Daktari? Nifanyie sauti.

Akacheka. Wote hucheka kwanza. Halafu mwanamume mzima, msomi, wagonjwa wake wamekaa nje wameshika mashavu, akaanza: nguu-rrr, nguu-rrr, nguu-rrr. Nikamuuliza, likiwa limesimama au likienda? Likienda. Likikimbia, sauti inakimbia nayo. Likikata kona ya kushoto, inazidi. Nikairudia. Hapana mama, akasema, nzito zaidi, itoke tumboni. Nikaitoa tumboni.

"Hiyo hiyo! Umeipiga vizuri kuliko gari lenyewe!"

Ndiyo kazi yangu. Bosi amepiga marufuku magari ya wateja kupelekwa barabarani, tangu gari moja jeusi lilipokwaruzwa na pikipiki. Kwa hiyo fundi hulijaribu gari humu humu uani, mwendo wa kunyata, na nusu ya magonjwa yake hayaonekani kwa mwendo huo. Basi mteja ananipigia mimi sauti, naibeba kichwani hadi karakana, nampigia Shemeji. Shemeji hufumba macho akasikiliza kama anasikiliza kifua cha mtoto. Kisha: hiyo ni pampu ya maji. Au: hiyo ni gia. Na huwa ni hiyo! Karakana nzima wananiita Redio.

Shemeji ni mdogo wake marehemu mume wangu. Ndiye aliyeniombea kazi hii nilipofiwa, nikiwa sijui nianzie wapi.

Nisisahau kuandika: jana baada ya ibada wamenichagua mwenyekiti wa akina mama. Mimi! Niliyeishia shule ya msingi! Nimemshukuru Mungu kwa magoti. Nimeazimia kuwa mtu wa heshima zake. Kusema taratibu. Kutocheka mdomo wazi. Kesho gari la kijani linaletwa.

Jumanne, 4 Machi

Sijui niandikeje.

Gari liliwasili asubuhi. Nikachukua ufunguo, nikaelekea karakana na sauti yangu tayari mdomoni. Mara naitwa: Mwenyekiti! Mwenyekiti wetu! Akina mama wa kanisani, Katibu mbele na mkoba wake mkubwa, wamekuja kutazama lile gari jeupe tunalolikodisha, kwa ajili ya arusi ya binti wa mchungaji. Wamependeza. Wakaiona meza yangu, simu, kompyuta. Kumbe mwenzetu uko ofisini hasa! Katibu akawaambia wenzake, huyu si wa kuchezea, ana watu chini yake. Sina mtu chini yangu hata mmoja, labda paka wa karakana. Lakini sikukanusha. Nilisikia raha, nikajifanya natafuta ufunguo.

Nikawapeleka kwenye jeupe. Tukiwa pale, Shemeji akajitokeza kutoka chini ya gari, grisi hadi viwikoni, meno yote nje kwa furaha ya kuniona na wageni.

"Haya Redio, tupigie! Kijani kina nini?"

Akina mama wakageuka wote. Katibu akauliza, Redio? Redio ndiyo nani?

Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Iko tumboni. Nikajiona kwa macho yao: mwenyekiti mpya, amekunja uso, anakoroma kama nguruwe katikati ya karakana. Nikaiachia ile pumzi polepole, kimya kimya.

Nikasema: "Linapiga mluzi, fundi. Mluzi kidogo tu."

Fundi! Shemeji yangu, aliyenishika mkono kaburini, nimemwita fundi.

Akanitazama kidogo. Mluzi wa mkanda wa feni? Nadhani, nikasema. Akarudi chini ya gari.

Nilijiambia nitarudi kumpigia vizuri wakishaondoka. Nikawasindikiza hadi getini, na pale getini maneno hayakuisha. Niliporudi simu inalia: mmoja gari linatoa moshi, mwingine honi imegoma kunyamaza, yuko nje ya hospitali na wauguzi wanamtukana. Nikasahau.

Hapana. Nisiidanganye hata karatasi. Nilikumbuka jioni wakati wa kufunga madirisha. Nilimwona Shemeji anashusha boneti ya lile la kijani, anaimba. Ameshaweka mkanda mpya. Nikaona aibu kusema kwamba niliona aibu.

Jumatano, 5 Machi

Daktari amekuja mwenyewe kuchukua gari. Ametuletea miswaki, kila mtu wake! Shemeji kamwambia, Daktari, mimi meno yangu yamebaki ya mapambo tu. Wakacheka, wakapigana mabega. Mswaki wangu ni wa kijani. Nimeupokea kwa mikono miwili na macho chini.

Gari lilitoka getini taratibu, halina sauti yoyote. Kwa mwendo ule, lingekuwa na sauti gani?

Alhamisi, 6 Machi

Amepiga.

"Mama, samahani kukusumbua. Bado linasaga."

Ninayo sauti yangu ya kazini, wateja husema inapoza kama maji ya mtungi. Bosi huisifu mbele za watu. Leo nimeitoa yote. Nikamwambia, Daktari, mkanda ni mpya ule, lazima ujizoeshe. Magari ya umri huu yana tabia zake, ni kama wazee, ukiwabadilishia kitanda hulalamika. Lipe wiki.

Akacheka. Akasema ukisema wewe mama, nimetulia. Jumapili nina safari na mke wangu kwenda kumwona dada yake, barabara yenyewe nzuri.

Nikamtakia safari njema.

Nimekata simu, mkono ukabaki pale juu yake. Kesho namwambia Shemeji. Kesho mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji hakuwepo, Bosi amemtuma kufuata vipuri mji wa pili. Ningeweza kumpigia simu. Nilikaa na simu mbele yangu tangu asubuhi hadi jioni, ndiyo kazi yenyewe niliyoajiriwa! Sikupiga. Nikasema, labda kweli ni mkanda.

Jumapili, 9 Machi

Mara ya kwanza kuongoza maombi ya akina mama. Katibu alininong'oneza niwaombee wasafiri, maana wengi wako njiani leo. Nikaombea wasafiri wote. Wote! Kwa mdomo huu huu. Mama mmoja mzee alilia, akaja kunishika mikono akasema una kipawa cha sauti, mwanangu.

Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Gurudumu limechomoka.

La mbele, la kulia. Beringi ililiwa ikaisha. Jana mchana, wakati mimi niko kanisani na mikono yangu hewani. Gari limeacha barabara likaingia kwenye ua wa watu, likabeba uzio na kamba ya nguo. Daktari ni mzima. Mkewe amevunjika mkono. Mungu ametukinga, ingekuwa juu ya daraja ningekuwa naandika nini leo?

Alipiga yeye mwenyewe. Hakufoka. Laiti angefoka! Alisema tu, mama, nilikuambia linasaga. Basi. Akaomba kuongea na Bosi.

Bosi ametukusanya wote karakana. Nani alishika gari la kijani? Shemeji akasema, mimi. Sauti uliyoletewa ilikuwa ya nini? Mluzi, Bosi, nilisikia mluzi. Bosi akapiga mkono kwenye boneti.

"Mluzi! Mteja anasema kasaga, kanguruma, na Redio akairudia kwenye simu mpaka mteja mwenyewe akaikubali. Redio hajawahi kukosea sauti hata siku moja! Wewe mzee masikio yamekufa. Miaka yote hiyo kichwa ndani ya injini, ulitegemea yabaki?"

Yule mpaka rangi wetu akadakia, huyu tukimwomba spana analeta sahani. Hata haikuchekesha. Wakacheka.

Bosi akanigeukia. Si ndivyo, Redio? Ulimpigia, hakusikia?

Kichwa changu kilitikisika. Sijui kilitikisika ndiyo au kilitikisika hapana. Bosi alikichukua kuwa ndiyo.

Shemeji alikuwa ananitazama. Si kwa hasira. Alikuwa ananitazama mdomo, kama mtu anayejaribu kukumbuka.

Jumanne, 11 Machi

Kaja nyumbani jioni. Akaketi kwenye kigoda chake cha siku zote, pale karibu na cherehani yangu. Binti yangu kamwekea chai. Hakuigusa.

Akasema amekuwa akijipima. Saa ya mkononi akiiweka sikio la kulia, anaisikia. La kushoto, kimya, kama imekufa. Hajui tangu lini. Akamwambia binti yangu asimame nyuma yake amnong'oneze kitu. Mtoto wa watu akadhani ni mchezo, akanong'ona: Baba mdogo, chai inapoa. Upande wa kulia akajibu. Upande wa kushoto alikaa tu, anangoja, anatabasamu, na sisi tunamtazama anavyongoja.

Binti alipoingia ndani, akaniuliza.

"Shem, niambie kweli, sitakasirika. Siku ile ulinguruma, mimi nikasikia mluzi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kukiri. Tuko wawili. Mlango umefungwa. Hakuna Katibu, hakuna Bosi. Mungu alininyooshea kila kitu, kilichobaki kilikuwa kufungua mdomo.

Nikasema: "Siku ile kulikuwa na kelele nyingi, Shem."

Kelele zilikuwepo. Ni kweli. Nimesema neno la kweli likawa uongo kuliko uongo wote niliowahi kusema.

Akaitikia kwa kichwa. Muda mrefu. Basi ni masikio, akasema. Nilidhani nitaacha kazi siku mikono itakapochoka. Sikujua masikio yatatangulia. Ijumaa Daktari anakuja na mkewe, Bosi ataamua mbele yao. Anavyomjua Bosi, atamwambia apumzike. Na fundi aliyepumzishwa kwa kosa la gurudumu, akasema, hakuna atakayempa hata baiskeli kuitengeneza.

Akanywa chai yake ya baridi yote, asije akaniudhi. Akashukuru. Akaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Kikao cha arusi, chumba cha nyuma ya kanisa. Nimekaa kiti cha mbele. Katibu akauliza juu ya gari jeupe, je, ni salama, maana amesikia mambo. Kisha akajibu mwenyewe: ila tuweke sharti moja, yule fundi wao kiziwi asiliguse! Wakacheka. Mmoja akaongeza, bibi arusi akisema nakubali, yeye atasikia nashuka. Kicheko kingine.

Wakanitazama, mwenyekiti, niseme.

Nikasema nitafikisha ujumbe.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama. Nitafikisha ujumbe! Mimi! Ujumbe mmoja wa maana nilioletewa maisha yangu yote niliumeza, huu wa kumdhihaki shemeji yangu ndio nitakaoufikisha.

Nimejaribu kusali kabla ya chakula. Napiga magoti, nafungua mdomo, maneno hayaji. Inakuja ile. Nguu-rrr. Inakuja yenyewe, toka tumboni, vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa. Magotini! Nikaziba mdomo kwa shuka.

Ee Bwana, usinifiche uso wako. Ingawa mimi ndiye ninayeuficha wangu.

Alhamisi, 13 Machi

Sijala tangu jana. Binti kaniuliza naumwa nini. Nikasema jino.

Ijumaa, 14 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Bosi. Nimekuja na daftari kwenye mkoba ili mikono iwe na la kushika.

Daktari na mkewe wameingia. Mke ana mkono shingoni, kitambaa cheupe. Alisimama mbele yangu akanisalimia kwanza yeye. Akasema, kumbe ndiye wewe mama wa kwenye simu! Mume wangu hukusifu, una sauti ya kutuliza. Nikajibu marahaba, kumbe hakuniamkia, aliniuliza habari tu. Akacheka kidogo kwa upole. Nilitamani sakafu ipasuke.

Shemeji yuko kando yangu. Amevaa shati la kanisani. Kucha kazisugua mpaka nyekundu, na grisi bado imo pembeni, haitoki ile. Ameketi kulia kwangu... ngoja, niseme sawasawa: mimi niko upande wa sikio lake la kushoto. Lile bovu.

Tumetazama ukuta. Kuna kalenda ya magari, mwezi uliopita bado haujachanwa.

Kisha nimefanya jambo. Sijui kama nilikusudia. Nimevuta pumzi, nikaipiga. Chini chini, meno yamebana, hata yule mpaka rangi aliyekuwa anapita mlangoni hakugeuka. Nguu-rrr. Nguu-rrr. Nguu-rrr. Nikaizidisha kidogo, kama gari likikata kona.

Shemeji akageuka.

Kwa sikio lile lile! Akafumba macho kama kawaida yake. Kichwa akakiinamisha. Na midomo ikatamka yenyewe, kama mtu anayeitwa usingizini:

"Beringi. Mbele kulia."

Akafumbua macho.

Nimemwona akiipata. Pole pole. Kwanza furaha, Mungu wangu, furaha kama ya mtoto, kwamba amesikia! Halafu ile furaha ikasimama. Akanitazama mdomo, kama siku ile. Akasema taratibu sana, Shem, hii sijawahi kuisikia.

Nikasema, hapana. Hujawahi.

Mbona—

Bosi akafungua mlango akamwita. Akasimama, akalinyoosha shati. Akanitazama mara moja tu, akaingia. Mlango hakuufunga. Mlango ule hauna tabia ya kubaki wazi wenyewe, lazima mtu auache.

Nasikia kila kitu. Bosi anasema, mbele ya hawa wageni, nakuuliza mara ya mwisho: sauti uliletewa au hukuletewa?



Nasikia feni.

Sasa anasema. Sauti yake ya chini. Anasema: nililetewa, Bosi. Ni masikio yangu.

Anajua! Ametoka kuisikia sasa hivi, anajua kila kitu, na anasema ni masikio yake! Haweki hata kinyongo ndani ya sauti, namjua, ningekisikia. Anasema kama mtu anayemwekea mwenzake kiti.

Daktari anasema, mzee pole, mtu hazuii umri. Mkewe anasema, msimfukuze jamani. Bosi anasema hafukuzwi, anapumzishwa, kuna karatasi hapa ya kutia sahihi tu. Nasikia droo. Inafunguliwa, inafungwa. Nyingine. Bosi anaitafuta kalamu. Ofisi nzima hii haina kalamu?

"Redio! Hebu tuletee kalamu!"

Ninayo. Ndiyo hii.

Nimesimama, naandika nimesimama, daftari juu ya kiganja. Mlango uko wazi. Nauona mgongo wa Shemeji, shati lake la kanisani. Bosi anaita tena. Nimeshavuta pumzi, naishikilia, iko pale pale tumboni